Kuzidisha vitunguu vya maua na kuvivusha majira ya baridi

Maua yakishanyauka, wengi hushika mkasi na kufyeka mmea mzima ili tuta lionekane safi. Hapo ndipo maua ya mwakani yanapopotea. Kitunguu, yaani sehemu nene ya ardhini inayochipua mmea, hujijenga upya baada ya kuchanua, kwa chakula kinachotengenezwa na majani. Kata ua lililonyauka tu, mmea usimalize nguvu kwa kuzaa mbegu, na majani uyaache yawe njano yenyewe. Kwa tulipu na nasisi hiyo ni kama wiki 6. Usiyafunge mafundo, kwa kuwa yakikunjwa hayapati jua la kutosha.

Kabla ya kuchimba, jua ulichopanda. Tulipu, nasisi na hayasinti huihitaji baridi. Tulipu hutaka wiki 12 hadi 16 za ubaridi ili bua lirefuke na ua lifunguke vizuri. Hizi ziache ardhini, mradi udongo hautuamishi maji, maana maji yaliyotuama huziozesha haraka kuliko baridi inavyoziua. Gladiola, dalia na begonia za viazi ndizo zisizostahimili kuganda, na ndizo za kung'oa.

Gladiola ni rahisi. Kila msimu kiazi kipya hujijenga juu ya kile cha zamani, na pembeni hutokea vitoto vingi vidogo. Chimba, kata shina karibu na kiazi, kisha anika mahali pakavu penye joto na hewa kwa wiki 2 hadi 3. Baada ya hapo kiazi kizee hubanduka kwa mkono, kitupe. Vitoto uvipande kama mbegu: vingi huanza kutoa maua baada ya miaka 2 au 3. Viazi vikubwa viweke kwenye mfuko wa wavu, mahali pakavu penye nyuzijoto 2 hadi 7. Vikague vizuri, kwani vithiripi, wadudu wadogo sana wanaoharibu mmea, hujificha chini ya maganda yake.

Dalia ndiyo inayowasumbua watu wengi. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikishayaunguza majani, kata shina libaki sentimita 10 hadi 15, kisha chimba kwa uma wa bustani ukianzia mbali na shina, kwa sababu viazi hivi huvunjika shingoni. Kiazi cha dalia hakina macho, yaani vichipukizi, mwilini mwake. Macho yako pale shingo inapoungana na shina la zamani. Kiazi kilichokatwa bila kipande cha sehemu hiyo hakitachipua kamwe, hata kiwe kinono namna gani. Kwa hiyo mimi nashauri kifurushi cha viazi kihifadhiwe kizima, na kigawanywe majira ya baridi yanapokwisha, macho yakishavimba na kuonekana. Kifukie kwenye maranda yenye unyevu kidogo sana, penye nyuzijoto 4 hadi 10. Kikague kila mwezi: kikinywea, nyunyiza maji kidogo; kikioza, kata hadi ufikie nyama nyeupe, ukaushe jeraha kabla ya kukirudisha.

Hayasinti huzaa vitoto kwa uchache, hivyo hulazimishwa. Kitunguu kikiwa kimepumzika, chanja kitako chake (upande wa mizizi) mikato 3 inayokatizana katikati, mirefu kiasi cha kufikia kichipukizi cha ndani. Kigeuze kitako kiwe juu, mahali penye joto na kivuli. Vitoto vitajitokeza kwenye mikato. Vaa glavu, kwa sababu hayasinti huwasha ngozi. Kwa yungiyungi, bandua magamba ya nje machache, uyaweke kwenye mfuko wa plastiki wenye mboji yenye unyevu, penye nyuzijoto kama 20. Baada ya wiki kadhaa vitunguu vidogo hutokea chini ya kila gamba, na kitunguu mama bado kinaweza kupandwa.

Popote unapohifadhi, usiweke matunda yanayoiva karibu. Hutoa gesi ya ethilini inayoweza kuua ua changa ndani ya kitunguu cha tulipu. Na vitunguu vya nasisi viandikwe jina na kuwekwa mbali na jikoni: vinafanana na vitunguu vya kupikia, na vina sumu.