Kutuma kamera na lenzi zifike salama, na la kufanya zikiibwa au kuvunjika njiani

Mimi ni fundi wa kamera za filamu, na kazi yangu nyingi huja kwa vifurushi: lenzi zilizoota ukungu ndani, kamera ambazo shata, yaani kile kizibo kinachofunguka kuingiza mwanga, imegoma, vipima mwanga vilivyokufa. Zikishatengenezwa hurudi kwa wenyewe kwa njia hiyohiyo. Meza yangu ni ya kufungua na kufunga mizigo ya watu, na nimeona vilivyovunjika na vilivyochomolewa vya kutosha kujua ni nani hulipwa fidia na nani hubaki analalamika. Anayelipwa ni yule aliyekusanya ushahidi wakati mzigo ungali mikononi mwake. Ukianza kuutafuta baada ya boksi kupasuka, umeshachelewa.

Mifano yangu ni kamera kwa sababu ndiyo kazi yangu, lakini utaratibu ni uleule kwa saa, simu, ala ya muziki au kompyuta.

Andaa chombo kwanza, boksi baadaye

Tenganisha lenzi na bodi ya kamera. Zikiachwa zimeungana, boksi likianguka uzito wote wa lenzi unaning'inia kwenye ile pete ya kuunganishia, na pete ikipinda kidogo tu upande mmoja wa picha utakuwa na ukungu daima. Weka vifuniko mbele na nyuma. Zungusha pete ya fokasi hadi kwenye alama ya umbali usio na mwisho, maana hapo lenzi nyingi huwa fupi kuliko zote na sehemu zinazochomoza zimeingia ndani. Kamera ya mekanika usiitume ikiwa imekokwa. Fyatua shata springi ilegee. Mkanda wenye vyuma uvue, uufunge peke yake, usije ukaikwaruza bodi njia nzima.

Betri zinahitaji uangalifu wake. Betri za lithiamu-ioni, zile za kuchaji, zinazosafirishwa kama mzigo peke yake, bila chombo chake, zilipigwa marufuku kwenye ndege za abiria mwaka 2016, na posta nyingi hazizipokei kabisa. Betri ndogo iliyomo ndani ya chombo chake mara nyingi inakubalika, ila uliza kabla hujafunga, na hakikisha chombo kimezimwa na kitufe hakiwezi kujibonyeza. Zile betri za kawaida za kutupa, zitoe. Zikivuja zinakula shaba ya ndani. Usifiche betri mzigoni. Ikigunduliwa, mzigo unaweza kurudishwa au kuteketezwa, na ukija kudai fidia utaambiwa ulivunja masharti.

Picha, na mizani

Kabla ya kufunga, piga picha chombo pande zote, kisha namba ya utambulisho iliyochongwa juu yake ikisomeka wazi. Lenzi naimulika kwa tochi kutokea nyuma, ili kioo kionekane kuwa hakina ufa wala mkwaruzo. Halafu narekodi video fupi kamera ikifanya kazi: nakoka, nafyatua, nabadilisha kasi. Video hiyo ndiyo jibu pale mtu atakaposema kamera ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Endelea kupiga picha unapofunga, hatua kwa hatua, mpaka boksi lililokamilika pande zote sita likiwa na anwani.

Sasa mizani. Kati ya mambo yote ninayowasihi wateja wangu, hili ndilo wanaolifanya wachache, nami ndilo ninaloling'ang'ania. Pima boksi lililofungwa, lipige picha likiwa juu ya mizani namba ikionekana, na ukifika kaunta hakikisha uzito umeandikwa kwenye risiti. Mteja wangu mmoja alinitumia bodi na lenzi mbili. Boksi lilifika likiwa zima kwa macho, hakuna hata kona iliyobonyea. Nililiweka kwenye mizani kabla ya kushika kisu, kama kawaida yangu, na lilikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu kilo kuliko risiti yake. Nikaligeuza chini. Pale katikati kulikuwa na tabaka mbili za selotepu: ya chini imechanwa kwa kitu chenye makali, ya juu mpya, inang'aa zaidi, na upana wake si ule wa selotepu ya mteja. Nikapiga picha, nikarekodi video moja isiyokatizwa nikifungua. Nafasi ya lenzi moja ilikuwa imejazwa karatasi zilizofinyangwa.

Jibu la kwanza la msafirishaji lilikuwa kwamba huenda lenzi hiyo haikuwekwa tangu mwanzo. Risiti ya kaunta yao wenyewe ndiyo iliyomaliza ubishi huo. Mteja alilipwa.

Wezi wa mizigo wanapenda kufungulia chini, kwa sababu watu hukagua juu tu. Kwa hiyo funga chini kwa nguvu ileile ya juu, na andika sahihi yako kwa kalamu ya wino usiofutika, ianzie kwenye selotepu na kuishia kwenye boksi, juu na chini. Atakayeikata hawezi kuirudisha sahihi ikaoana.

Kufunga

Tumia maboksi mawili, moja ndani ya jingine. Kila chombo kivishwe plastiki ya mapovu peke yake, kisha viingie boksi dogo bila kugusana. Boksi dogo likae katikati ya boksi kubwa, likizungukwa na angalau sentimita 5 za sponji au plastiki ya mapovu kila upande, chini na juu pia. Karatasi za gazeti zinafaa kujaza mapengo, lakini zikibanwa na uzito hazirudi zilivyokuwa, kwa hiyo chombo kizito kisizitegemee. Funga, tikisa. Ukisikia kitu kinatembea, fungua uanze upya.

Boksi la nje liwe jipya au gumu kama jipya. Lililotumika huwa limeshalegea kwenye kona, na kona ndizo zinazopokea kishindo. Bandua au funika kila lebo ya zamani yenye mistari ya kusomwa na mashine, maana mashine haijui ipi ni ya safari ya leo. Nje pasiwe na jina la kampuni ya kamera wala neno lolote linalotaja kilichomo, zaidi ya kile ambacho fomu inakudai uandike. Ndani weka karatasi yenye majina na simu za mtumaji na mpokeaji, kwa sababu lebo ya nje hubanduka.

Thamani, bima, na mambo wanayoyachanganya watu

Thamani unayoandika kwenye fomu ya forodha, kwa posta ni CN22 au CN23, ni kwa ajili ya ushuru. Haikukatii bima. Thamani unayoitangaza kwa msafirishaji na kuilipia ada ni kitu kingine. Na hata hiyo mara nyingi inapandisha tu kiwango cha juu anachoweza kulipa. Bado utatakiwa kuthibitisha kwamba kosa lilitokea mikononi mwake na kwamba chombo kilikuwa na thamani hiyo.

Usipotangaza thamani, utalipwa kwa kilo. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaosimamia mizigo ya kimataifa inayopelekwa na kampuni kwa ndege, umeweka kikomo ambacho tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 26 kwa kila kilo. SDR ni kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na moja huzidi dola moja ya Marekani. Piga hesabu: kifurushi cha kilo 2 kikomo chake ni SDR 52, hata kama ndani mna lenzi ya bei ya gari. Kikomo hicho huondoka pale mtumaji anapotangaza thamani maalumu wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa ada ya ziada inayotakiwa. Ada hiyo nailipa kila mara kwa kitu ambacho sina uwezo wa kukinunua upya.

Soma masharti ya bima kabla ya kulipa. Tafuta sehemu ya vitu visivyolipiwa, kwa sababu humo ndimo huwa pesa taslimu, vito, vitu vya kale, vioo, na kile kifungu cha "ufungaji usiotosha". Picha zako za kufunga zinajibu kifungu hicho. Ukipunguza thamani ili kukwepa ushuru, basi jiandae kulipwa hiyohiyo uliyoandika.

Peleka mzigo kaunta mwenyewe, mwanzoni mwa wiki, usije ukalala ghalani Jumamosi na Jumapili. Lipia huduma ya kusaini wakati wa kupokea. Kama nyumbani kwa mpokeaji hakuna mtu mchana, mzigo usubiri ofisini aufuate na kitambulisho.

Ukipokea kitu kilichoharibika

Usisaini haraka. Boksi likiwa limebonyea, limelowa au limefungwa upya, andika hivyo palepale unaposaini: "boksi limepasuka kona ya kulia, halijafunguliwa." Dereva akikukatalia, piga picha akiwa bado yupo. Sahihi tupu husomwa kuwa ulipokea mzigo ukiwa salama.

Pima, kisha fungua mbele ya kamera. Ukiona uharibifu, acha kila kitu kilivyo: boksi, sponji, selotepu, vipande vyote. Usitupe, usigundishe, wala usikimbilie kwa fundi kutengeneza. Mimi wakiniletea kamera ya namna hiyo naandika ripoti ya hali yake na makadirio ya gharama, siigusi zaidi mpaka msafirishaji aikague au aseme kwa maandishi kwamba hana haja ya kukagua.

Madai yaende kwa maandishi siku hiyohiyo. Kwa mkataba wa Montreal una siku 14 tangu kupokea mzigo ulioharibika, na siku 21 kwa uliochelewa. Kesi mahakamani ni ndani ya miaka 2. Kampuni nyingi zina muda wao mfupi zaidi ndani ya masharti, kwa hiyo usisubiri. Mara nyingi mtumaji ndiye mwenye mkataba na msafirishaji, hivyo mpokeaji amjulishe mara moja na kumpa picha zote.

Barua isiwe ndefu wala ya hasira. Hii inatosha:

"Nadai fidia ya mzigo namba (…), uliokabidhiwa tarehe (…) ukiwa na uzito wa (…) na kupokewa tarehe (…). Lenzi yenye namba (…) imepasuka kioo cha mbele. Naambatanisha risiti ya kaunta, picha za kabla ya kufunga, picha za kupokea, uthibitisho wa bei na makadirio ya fundi. Naomba namba ya madai na jibu kwa maandishi."

Mzigo ukiibwa, au usipofika

Taarifa za safari ya mzigo zikisimama mahali pamoja kwa siku kadhaa, fungua ulizo rasmi. Kwa posta, taratibu za Umoja wa Posta Duniani zinaruhusu ulizo ndani ya miezi 6 kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, lakini kumbukumbu za ghala na video za usalama hazikai muda wote huo. Namba ya kufuatilia mzigo wa posta wa kimataifa ina herufi 2, tarakimu 9, na herufi 2 za nchi mzigo ulikotoka. Kwa namba hiyo mpokeaji naye anaweza kuulizia kwao.

Wakisema umefikishwa na wewe hujauona, omba jina na sahihi ya aliyepokea, saa, picha ya mahali ulipoachwa, na mahali kifaa cha dereva kilipokuwa saa hiyo. Uliza majirani kwanza, halafu nenda polisi na namba ya utambulisho ya chombo. Kwa simu ni ile IMEI ya tarakimu 15, unayoipata kwa kubonyeza *#06#. Iandike kabla ya kuituma, maana simu hutakuwa nayo tena.

Wakikataa madai, omba sababu kwa maandishi na kifungu wanachokitegemea, kisha kata rufaa ukijibu kifungu hicho tu. Ukikwama, mpelekee mdhibiti wa posta au wakala wa kutetea wateja faili lote kwa mpangilio wa tarehe.

Wakati huohuo, sambaza namba ya chombo kwa wauzaji wa mitumba na kwa mafundi. Kamera yoyote ikifika mezani kwangu, namba yake naiangalia kwenye orodha ya zilizoibwa kabla sijafungua skrubu ya kwanza, na ikioana namtafuta aliyeiripoti.