Rangi ya taa za dashibodi na macho ya dereva usiku

Kabla ya kununua balbu za rangi, gusa kwanza swichi ya kupunguza mwanga wa dashibodi. Wengi huiacha juu kabisa, halafu hulaumu rangi. Taa nyekundu kali huumiza kuliko nyeupe iliyofifishwa.

Egesha mahali penye giza, zima taa ya ndani, washa taa za mbele, kisha kaa dakika 10 macho yazoee. Shusha mwanga mpaka namba zisisomeke, halafu upandishe taratibu hadi uweze kusoma kasi kwa kutupa jicho mara moja. Sasa tazama kioo cha mbele na kioo cha dirisha lako. Kama dashibodi bado inajionyesha humo, shusha tena. Skrini ya redio au ramani mara nyingi ina mpangilio wake wa mwanga, na ndiyo huwa kali kuliko geji zote, kwa hiyo iweke kwenye hali ya usiku.

Baada ya hapo ndipo rangi ina maana. Seli za jicho zinazoona gizani hushtuka zaidi kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 500 hivi, yaani kijani chenye ubuluu, na nyekundu iliyopita nanomita 640 karibu haizigusi. Zikishapigwa na mwanga mkali huchukua hadi nusu saa kurudi hali yake. Hiyo ndiyo sifa ya nyekundu. Ila dereva hayuko gizani kabisa: taa zake mwenyewe zinamulika barabara, na gari linalokuja mbele litafuta sehemu kubwa ya mazoea hayo. Faida inayobaki ni ndogo, na ina gharama. Jicho hukusanya nyekundu nyuma kidogo ya retina, ule utando wa ndani unaopokea picha, hivyo wenye umri mkubwa huona namba zimefifia kingo. Wasioiona vizuri rangi hiyo huiona kama giza. Na taa nyekundu ya onyo, kama ya mafuta ya injini, humezwa na wekundu wenzake.

Buluu ndiyo ya kuepuka. Inapendeza dukani, lakini husambaa ndani ya jicho na hukusanyika mbele ya retina, kwa hiyo maandishi huonekana kama yana ukungu. Kijani hafifu ni nzuri, kwa kuwa husomeka kwa mwanga kidogo. Rangi ya chungwa, karibu nanomita 600, ndiyo tungeichagua. BMW iliitumia kwa miaka mingi.

Ukiamua kubadilisha, toa waya hasi wa betri na usubiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, maana mfumo wa mifuko ya hewa huhifadhi umeme. Chomoa geji bila kung'oa mishale. Ikirudishwa vibaya, kasi itasomeka uongo. Balbu nyingi za humo ni za saizi T5 au T10, na za vitufe vya kipasha joto huwa ndogo zaidi, basi linganisha na ile uliyoitoa. Baadhi ya geji hazina balbu za kutoa kabisa: LED, yaani vitaa vya kielektroniki visivyo na nyuzi, zimelehemiwa kwenye bodi, na hiyo ni kazi ya fundi wa elektroniki.

LED ina chanya na hasi. Isipowaka, ichomoe, igeuze nusu mzunguko, uirudishe. Angalia pia kama geji ina kichujio cha rangi: LED ya chungwa nyuma ya kichujio cha buluu hutoa karibu giza tupu. Tatizo la kawaida zaidi ni swichi kukataa kupunguza mwanga. Ile ya zamani hufanya kazi kwa kuzuia mkondo, nayo ilitengenezwa kwa balbu za nyuzi. LED hula umeme kidogo sana, hivyo haipungui inavyotakiwa na utabaki na mwanga mkali kuliko ulioanza nao. Jaribu moja kwanza kabla ya kununua zote.

Balbu za maonyo ziache zilivyo. Ile ya kuchaji hasa, maana katika magari mengi ya zamani alteneta, mashine inayochaji betri, huanzishwa na mkondo unaopita humo. Ukiweka LED, inaweza isichaji mpaka injini ipandishwe kasi. Ukimaliza, rudisha waya, fungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini, na hakikisha kila taa ya onyo iliyokuwa ikiwaka hapo awali inawaka bado.