Kabla Hujaomba Chuo cha Miguu

Mdogo wangu, usijaze fomu yoyote ya kusomea podiatria, yaani utabibu wa miguu, kabla hujakaa kliniki ya kisukari kutwa nzima. Mimi ni muuguzi Temeke. Harufu ya kidonda cha unyayo kwenye joto la Dar ndiyo itakayokwambia kama kazi hii unaiweza. Omba ushike monofilamenti ya gramu 10, ule uzi wa kupimia hisia. Mzee akifumba macho asijue umemgusa, utaelewa jinsi msumari uliotoboa ndala unavyoweza kumpotezea mguu.

Marekani: shahada ya kwanza, kwa kawaida mtihani wa MCAT (wa kuingilia vyuo vya udaktari), kisha miaka 4 hadi DPM, shahada ya udaktari wa miguu. Halafu rezidensi, yaani mafunzo kazini hospitalini, miaka 3, upasuaji kwa wingi. Rezidensi unalipwa mshahara. Chuo unalipa wewe, na ni pesa ndefu. Nafasi ya rezidensi hupatikana kwa kulinganisha chaguo lako na la hospitali, kwa hiyo kiulize chuo: wahitimu wangapi walipata?

Uingereza ni shahada, mara nyingi miaka 3, kisha usajili wa HCPC, chombo kinachosajili wataalamu wa afya kama hawa. Rezidensi ya namna ile hakuna. Mimi ningeanza kuulizia masomo haya Johannesburg, ni karibu zaidi. Hata kwa basi unafika, ukivumilia.