Kuondoa pakeji za nje kwenye Linux Mint

Tuseme kompyuta ya saiba yako pale Mwembe Tayari inatumia mfumo wa Linux Mint 22, na mtu aliiongezea hazina ya PPA (ghala la nje la pakeji, yaani mafungu ya programu, lisilo rasmi) ili apate LibreOffice mpya, programu ya ofisi. Sasa kila ukisasisha yaja kosa la 404, yaani kilichoombwa hakipo kwenye seva. Usilaumu mtandao. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, iitwayo noble. Mint 21 juu ya 22.04, jammy. Mwenye PPA asipoandaa fungu la noble, mashine hubisha hodi kwenye nyumba isiyokuwepo.

Piga picha ya mfumo kwa Timeshift, programu ya kuhifadhi hali ya mfumo ili uweze kuirudisha, kabla ya kugusa chochote. Kisha fungua Synaptic, programu ya kusimamia pakeji, bonyeza Reload, halafu Origin chini kushoto. Kila hazina itajitokeza kwa jina lake. Za PPA huanza na LP-PPA. Bonyeza mojawapo uone pakeji gani zilitoka kwake.

Hapa ndipo wengi hukosea: kufuta hazina hakufuti pakeji zake. Zile za toleo la juu hubaki, na kwa kuwa hazina rasmi ina toleo la chini, hazipati tena masasisho, hata yale ya usalama. Kwa hiyo fungua Software Sources, ingia PPAs, futa hazina hiyo, ukubali orodha isomwe upya. Nenda Maintenance, chagua Downgrade Foreign Packages, tia alama pakeji zote za LibreOffice kwa pamoja, uzirudishe kwenye toleo rasmi. Ukirudisha moja moja zitagombana, maana zinategemeana kwa toleo lile lile.

Humo humo Maintenance, Remove Foreign Packages huorodhesha pakeji zisizopatikana kabisa katika hazina rasmi. Isome taratibu. Draiva ya printa uliyoipakua kwa mtengenezaji nayo imo humo, na ukiifuta wateja watakaa foleni bila karatasi kutoka.

Zikibaki pakeji zilizovunjika, rudi Synaptic, menyu ya Edit, Fix Broken Packages. Kabla ya Apply soma muhtasari wote. Ukiona cinnamon au mint-meta-cinnamon, pakeji za eneo-kazi (desktop) la Mint, katika zitakazoondolewa, ghairi papo hapo. Ukikubali waweza kupoteza eneo-kazi zima.

Na mashine ya nyumbani isiyo na intaneti? Katika Synaptic ya nyumbani tia alama pakeji unazotaka, kisha menyu ya File, Generate package download script, upate hati ya amri za kupakua. Beba hati hiyo kwa flashi, iendeshe kwenye Linux ya saiba, rudi na faili za deb, yaani pakeji zenyewe, uziingize kwa Add downloaded packages kwenye menyu ile ile ya File. Ila orodha ya pakeji ya nyumbani ikiwa ya zamani, hati itaomba matoleo yaliyokwisha kuondolewa kwenye seva, na utakutana na 404 ile ile. Ukipata bando hata dogo la simu, bonyeza Reload kwanza nyumbani, ndipo utengeneze hati.