Reykjavík kwa miguu: hatua kwa hatua kwa mgeni kutoka Afrika Mashariki

Wageni wengi ninaowapeleka Reykjavík hufika na orodha ndefu ya vivutio, halafu wanashangaa imekwisha kabla ya adhuhuri. Mji mkuu huu wa Iceland una watu kama 140,000 tu, na katikati yake unapamaliza kwa miguu ndani ya nusu saa. Ratiba yako iongozwe na mwanga, upepo na maji ya moto.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya tiketi

Mwishoni mwa Juni jua huzama baada ya saa sita usiku na kurudi karibu saa tisa, kwa hiyo giza la kweli hulioni. Beba kitambaa cha kufunika macho. Anayeswali atafute mapema ratiba ya Waislamu wa huko, maana isha na alfajiri hukaribia kugongana. Desemba mambo hugeuka: jua huchomoza baada ya saa tano asubuhi na kuzama saa tisa na nusu alasiri.

Ile mianga ya kijani inayocheza angani huonekana kati ya Septemba na katikati ya Aprili, usiku usio na mawingu. Anayekuuzia safari ya kuiona mwezi Juni anakuibia. Mimi hupendekeza Septemba: mchana unatosha na usiku una giza.

Hatua ya 2: Viza

Iceland haimo katika Umoja wa Ulaya, ila imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hiyo unaomba viza hiyo. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo 15. Mahali pasipo na ubalozi wa Iceland, kwa kawaida nchi nyingine ya Schengen hupokea maombi kwa niaba yake. Ulizia ni ipi kabla ya kulipa chochote. Ndege ikipitia London, kumbuka Uingereza ina sheria zake za wapita njia.

Hatua ya 3: Mzigo

Mwavuli uache nyumbani, upepo utaugeuza nje ndani. Mkondo wa bahari wenye joto hufanya wastani wa Januari mjini uwe karibu na nyuzi sifuri tu; kinachotesa ni upepo wenye mvua. Vaa nguo tatu juu ya nyingine: ya kubana mwilini, sweta la sufu, kisha jaketi lisilopitisha maji. Viatu viwe na soli inayoshika, kwani njia za miguu huganda barafu. Na nguo ya kuogelea weka hata kama unakwenda Januari.

Hatua ya 4: Kutoka uwanjani

Uwanja wa Keflavík uko kama kilomita 50 kutoka mjini. Panda basi, dakika 45 hivi. Teksi itakula bajeti ya siku nzima. Fedha taslimu huzihitaji, kadi inapokelewa hata kwa muuza soseji. Saa ziko tatu nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam, mwaka mzima.

Hatua ya 5: Anza juu, shuka

Anzia kanisa la Hallgrímskirkja, lililo kilimani, lenye mnara wa mita 74.5. Lifti ya kulipia hukupandisha, na huko juu utaona jambo litakalokuchekesha: mji umevaa mabati. Nyumba za zamani zimepigwa bati mpaka kutani, zikapakwa nyekundu, buluu na manjano. Shuka kwa mtaa wa Skólavörðustígur, ingia mtaa wa Laugavegur kwenye maduka, kisha ufukweni kwenye jumba la muziki la vioo, Harpa, lililofunguliwa 2011. Kuingia ni bure. Malizia uwanja wa Austurvöllur, penye jengo la bunge la 1881, na bwawa la Tjörnin lenye mabata.

Hatua ya 6: Bwawa la kuogelea

Hapa ndipo mji ulipo. Maji moto ya ardhini hupasha nyumba na mabwawa ya umma, na wenyeji huenda kila siku, hata theluji ikianguka. Ya karibu na kanisa ni Sundhöllin, la mwaka 1937.

Utaratibu haujadiliwi. Vua viatu kabla ya chumba cha kubadilishia nguo. Oga kwa sabuni, uchi kabisa, kisha ndipo uvae nguo ya kuogelea. Dawa ya maji huwekwa kidogo, ndiyo maana wanakazania. Vyumba vya wanaume na wanawake vimetengwa. Ukiona haya, uliza mapokezi kama kuna bafu lenye mlango. Simu isitoke kabatini.

Kisha ingia vidimbwi vya moto, vya nyuzi 38 hadi zaidi ya 40. Hiyo ndiyo baraza yao: watu wasiosemeshana barabarani humo huzungumza siasa hadi bei ya samaki.

Hatua ya 7: Kula na kunywa

Maji ya baridi ya bomba ni safi ya kunywa, usinunue chupa. Ya moto hunuka kama yai viza, lakini hayadhuru kuogea. Soseji zao maarufu huchanganywa nyama ya kondoo, ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo Waislamu wachague supu ya samaki. Kubana matumizi, nunua vyakula kwenye maduka ya Bónus au Krónan. Bakshishi haitarajiwi.

Hatua ya 8: Siku moja nje ya mji

Nenda Þingvellir, bunge lilipoanzishwa 930, chemchemi ya Strokkur inayoruka kila baada ya dakika chache, na maporomoko ya Gullfoss. Ukikodi gari, huko wanaendesha kulia. Shika mlango kwa mikono miwili unapoufungua: upepo huung'oa, na bima nyingi hazilipi. Majira ya baridi panda basi la watalii.

Hatua ya 9: Kuondoka

Mabasi makubwa hayaingii barabara za katikati. Hupakia kwenye vituo vyenye namba. Soma namba yako usiku, si asubuhi ukiwa na begi kwenye barafu.