Anza na kichwa: kuipa roboti mkao ambao mtoto atausoma

Roboti ninayoipangia miondoko ni NAO, iliyobuniwa Ufaransa. Kimo chake ni sentimita 58 hivi, kwa hiyo ukiisimamisha mezani huwa juu kidogo ya mtoto aliyeketi. Uso wake ni plastiki ngumu: haikunji nyusi, haitabasamu, na macho ni taa tu. Hisia yoyote unayotaka mtoto aione utaipitisha shingoni, mabegani, mikononi na kiunoni.

Kabla ya kugusa kompyuta, simama ufanye huzuni kwa mwili wako mwenyewe. Kichwa kitashuka kwanza, mabega yatafuata, mikono italegea. Fuata mpangilio huohuo kwa viungo vya roboti. Usitegemee vidole: NAO ina vitatu kila mkono, navyo hufumba na kufumbua kwa pamoja.

Kichwa ndicho kitu cha kurekebisha mwanzo, na ndicho ninachokirudia kila mkao unapogoma. Tafiti walizofanya watafiti Aryel Beck na Lola Cañamero kwa roboti hii zilionyesha kuwa kichwa kilichoinuliwa husaidia fahari, furaha na msisimko kutambulika, na kilichoinamishwa husaidia hasira na huzuni. Mimi nilijifunza kwa kukosea. Niliipa roboti mkao wa hasira, ngumi juu na kidevu juu, na msichana mmoja akapiga makofi: "Ameshinda!" Nikaacha mikono palepale, nikateremsha kidevu na kuutanua mguu mmoja. Safari hii alirudisha kiti nyuma. "Anataka kupigana."

Kwa huzuni, jaribu kuishikisha tama: kichwa kimeinama na kugeuka upande kidogo, kiganja karibu na shavu. Watoto wengi huuelewa mkao huu kabla hata mkono haujafika.

Halafu mwendo. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara zikizunguka, na watazamaji wakaona mabavu, woga na kukimbizana pasipo uso wala mkono. Kwa hiyo usiangalie mkao wa mwisho pekee. Roboti ikijikunyata polepole, watoto huniambia inasikia baridi au usingizi. Ikijikunyata ghafla na kubaki hivyo, wanasema inaogopa.

Sasa muulize mtoto, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Zima sauti na taa za macho, umwite mmojammoja, maana wakiwa kundi humfuata wa kwanza kujibu. Usimuulize, "Je, ina huzuni?" Atakubali ili kukufurahisha. Uliza, "Kumetokea nini?" kisha unyamaze. Ukimya huo ni mgumu, lakini uvumilie. Asipopata neno, mwombe auige mkao. Mara nyingi jibu humtoka akiwa tayari amejikunja. Andika maneno yake kama yalivyo. "Amenuna", "anaona haya" na "amekosewa" ni majibu matatu tofauti, hata kama wewe ulipanga huzuni tu.

Sikiliza pia ngeli. Mtoto anayesema "imeinama" anakuelezea mashine. Akisema "ameinama", ameshaona kuna mtu pale. Nimewahi kumsikia mmoja akibadilisha katikati ya sentensi, roboti ilipoinua kichwa kumtazama, na tangu siku hiyo naziweka alama herufi hizo mbili kila ninapoandika majibu.

Kati ya mkao na mkao, irudishe roboti isimame wima, imetulia, la sivyo huzuni ya kwanza itaingia kwenye jibu la pili. Na usikate nguvu za mota mbele ya watoto ikiwa bado imesimama: viungo vyote hulegea kwa pamoja na inaporomoka. Ichuchumaze kwanza, polepole, kichwa kikiwaelekea. Mara ya mwisho niliposahau, mvulana mdogo aliishika mkono akaniuliza, "Tumemfanya nini?"