Wazazi hawataki hata kusikia neno pikipiki? Soma hii kabla hujaanza kubishana nao

Hii ni ya madogo wa miaka 18, 20, 22 huko wanaoamka saa kumi na moja alfajiri kugombania daladala, wamejibana hela ya pikipiki inakaribia kutimia, alafu wakigusia tu nyumbani maza anashika kichwa na mzee anazima tivii. Mi nimepita hapo, na nilipita vibaya, ndo maana nina cha kusema.

Nilinunua kimya kimya. Boxer ya mkononi, nikawa nailaza kwa mshkaji mtaa wa pili, jioni naiacha huko nakuja home kwa mguu huku nimekunja uso kama mtu aliyebanwa kwenye daladala toka Kariakoo. Nilidumu wiki tatu tu. Jirani akaniona Goba kwenye foleni, kichwa wazi kabisa maana helmeti nilikuwa nimemuazima mtu, akampigia maza palepale. Nafika nyumbani nakuta kikao, baba mdogo kaitwa, shangazi yuko hewani kwenye spika ya simu. Sasa niambie, hapo utamshawishi nani kwamba we ni muangalifu wakati habari zako wamezipata kwa jirani? Pikipiki niliiuza kwa hasara na ilinichukua karibia mwaka mzima mpaka wakaanza kuniamini tena. Kwa hiyo usinunue kwa siri, hata kama hela ni yako, hata kama umepanga chumba chako.

Alafu usiingie kwenye hayo maongezi na ile kauli ya "mama pikipiki ni salama bana watu wanazidisha". Sio salama kama gari na yeye anajua. Kila familia Bongo ina mtu wake, kuna binamu aliyewekewa vyuma, kuna mtoto wa jirani aliyelala MOI, ile hospitali ya mifupa pale Muhimbili, miezi, kuna kijana wa kijiweni aliyepeleka abiria na hakurudi. Ukikataa hilo umeshamwambia kwamba hujui unachokiingia. Badala yake muulize taratibu, mama unamkumbuka nani? Alafu nyamaza, na ukinyamaza nyamaza kweli. Maza wangu alinitajia mtoto wa dada yake aliyekatwa mguu chini ya goti, nilikuwa naijua hiyo stori ila sikuwahi kujua kama yeye ndo alikuwa anampelekea uji kila asubuhi, akaniambia mpaka rangi ya kile kithamosi, cha bluu, na kwamba mpaka leo hakitumii kiko juu ya kabati. Miaka yote nakiona pale juu najua ni cha wageni.

Ukishasikia ndo unaanza kazi. Ile ajali anayoikumbuka ilitokeaje? Ya binamu yangu ilikuwa saa tano usiku, amebeba mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, taa ya mbele imekufa, anajaribu kulipita lori. Hapo usije ukamlaumu aliyeumia, utamchoma mama yako bure. We jisemee upande wako tu, usiku sitoki nayo, sibebi watu wawili, taa ikifa napaki. Yaani unajibu hofu yake yeye kama alivyoisema, sio hofu ya jumla uliyoikuta mtandaoni.

Tafuta na mtu wa kukusemea. Wazee wetu hawapendi kukubali jambo mbele ya mtoto aliyelileta mwenyewe, ila baba mdogo akilisema wanakaa wanatafakari. Mi bahati yangu ilikuwa mzee mwenyewe. Alikuwa bwana shamba zamani huko Morogoro na alipewa tukutuku ya serikali, Yamaha, anapanda nayo milimani masika na tope lile. Siku moja nikamuuliza tu, hivi mzee kwenye utelezi ulikuwa unashika breki ipi? Weee, tulikaa mpaka chakula kikapoa. Nusu ya ninayoyajua kuhusu tope nimeyatoa pale. Wiki iliyofuata akawa anamwambia maza "huyu bora ajifunze vizuri kuliko kuibia", na sikuwa nimemuomba.

Sasa vitu vya mkononi, maana maneno kila mtu anayo. Anza na leseni kabla ya pikipiki. Unachukua leseni ya kujifunzia, unaenda chuo cha udereva kinachotambulika (VETA wanafundisha), polisi wanakupima, alafu ndo unamalizana na TRA, wale watu wa mapato, ndo wanaotoa leseni. Pikipiki ni daraja A, zile ndogo A1, na kama una daraja B la gari usijidanganye kwamba inakubeba, haikubebi. Najua wengi wamejifunzia kwenye kiwanja cha mpira na mshkaji amekaa nyuma anapiga kelele klachi klachi, hata mimi mara ya kwanza ilikuwa hivyo, lakini cheti mezani kwa mzee kinaongea kuliko wewe. Weka na bima. Ya lazima ni ile ndogo inayomlipa mwingine ukimgonga, wewe na chombo chako haiwahusu, kwa hiyo kama mfuko unaruhusu kata bima kubwa. Na bima ya afya iwe hai, hili maza wengi huwa hawaulizi ila ndo linalowanyima usingizi, kwamba ukianguka nani atauza nini.

Helmeti hapo ndo usibanie hela. Zile za bei chee zinazoning'inia kando ya barabara nyingi ni kofia ya kumdanganya trafiki, ukiibonyeza na dole gumba inaitika. Kuna uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali ukakuta kwa mtu aliyepata ajali helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa kama asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mwambie mzee hizo namba kama ni mtu wa namba. Mama mwekee helmeti yenyewe mapajani. Tafuta yenye alama ya ECE au DOT, hizo ni alama za viwango vya usalama, ingawa feki nazo zipo kwa hiyo angalia na uzito wake na ile povu ngumu ya ndani. Ivae, funga mkanda vidole viwili tu ndo vipite kidevuni, alafu mtu aisukume toka kisogoni kuja mbele, ikivuka basi sio saizi yako. Maza alivyofanya hilo jaribio aliisukuma kwa nguvu zake zote na hasira za ile siku ya kikao zikiwemo, shingo ikauma siku mbili, helmeti haikutoka. Hakusema kitu, akaifuta alama za vidole na kanga akanirudishia. Ikianguka na kichwa ndani hata kama nje haina ufa, hiyo imeshafanya kazi yake, tupa. Glavu, viatu vya kufunika kifundo na jaketi zito pia, joto la Dar nalijua lakini ngozi ikisuguana na lami utalikumbuka hilo joto kwa upendo.

Mkubaliane masharti na uyaandike wewe mwenyewe kabla hawajakuandikia. Yangu yalikuwa haya, mwisho saa mbili usiku, tungi hata chupa moja hapana, hakuna mishikaki, miezi sita ya kwanza hakuna abiria kabisa, na barabara kubwa kama Mandela na malori yake baadae baadae huko. La simu lilitutesa kidogo maana maza alikuwa anapiga mara saba nikiwa njiani, nisipopokea anadhani nimekufa, nikipokea ndo nakufa kweli. Tukakubaliana natuma ujumbe natoka, natuma nimefika, katikati simu iko kwenye begi. Mueleze kwa hesabu, spidi 50 ambayo ndo mwisho kwenye makazi unatembea kama mita 14 kila sekunde, ukiangalia simu sekunde mbili tu umepita mita 28 huoni kitu. Maza akanyamaza akasema basi usiwe unapokea.

Sasa barabarani kwenyewe, maana wakikubali alafu ukaenda kuanguka wiki ya pili utakuwa umetuharibia wote.

Usipite kushoto kwa daladala iliyosimama au inayotaka kusimama, kamwe, mtu anaruka pale mlango haujafunguka vizuri na we ndo ukuta wake. Lori, kama huoni sura ya dereva kwenye saiti mira yake basi na yeye hajui kama upo duniani, toka hapo. Linalowamaliza wengi hata sio spidi, ni gari linalokuja mbele yako linakata kulia kuingia kwenye kona wakati we unanyoosha, dereva anakutazama kabisa usoni na bado anakuingilia kwa sababu akili yake inatafuta magari. Ukifika kwenye kila makutano punguza moto, vidole viwe juu ya breki, washa taa hata mchana. Angalia tairi lake la mbele usiangalie macho yake, macho yanadanganya, tairi likianza kugeuka ndo ukweli.

Breki ya mbele ndo inayosimamisha pikipiki, watu wanaiogopa wanakanyaga ya nyuma peke yake inalala. Tumia zote mbili, ya mbele ukiibana taratibu sio kuikwapua, na pikipiki iwe imesimama wima. Kwenye kona yenye mchanga ndo uiache, breki maliza kabla hujainama. Mi nilianguka hivyo hivyo, kona ya vumbi, spidi ya mtu anayekimbia mchakamchaka, nikaigusa ya mbele huku nimeshalala, sekunde ileile niko chini naangalia tairi linazunguka. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi nayo ni mbaya kuliko ya katikati ya masika, oili yote ya miezi inapanda juu ya lami, subiri chini ya banda nusu saa iioshe barabara. Rangi za zebra zikilowa ni sabuni. Na ukiongeza spidi mara mbili usidhani breki itahitaji umbali mara mbili, ni mara nne.

Mpe mzee kazi ya ukaguzi. Kila jumamosi mwambie aangalie tairi na cheni na taa ya breki, hata kama we umeshaangalia. Wangu anainama na miwani yake anapitisha kidole kwenye meno ya tairi, anasema hili mwezi ujao litakuwa kipara, na huwa kweli.

Ukianguka, na muda ukienda utaanguka hata kama ni kwenye geti la nyumbani, piga simu mwenyewe kabla ya jirani. Nilivyoanguka ile kona nilimpigia maza nikiwa bado nimekaa kwenye jiwe nafuta goti, nikamwambia kilichotokea na kosa lilikuwa langu. Nilitegemea aseme uza. Akauliza helmeti ulikuwa umevaa, nikamwambia ndio, akauliza umefunga mkanda?

Na kama jibu likibaki hapana na unakaa kwao unakula kwao, tulia. Endelea na leseni, nunua helmeti, kaa nayo chumbani, panda daladala. Miezi sita ya mtu ambaye hajawaficha kitu inawasogeza wazazi wengi kuliko kelele za siku moja. Wengine hawatasogea kabisa, hasa waliozika, hapo sina mbinu na sikushauri utafute.

Maza hajawahi kupanda nyuma yangu mpaka leo na simlazimishi. Ila mawingu yakijikusanya jioni anatoka nje mwenyewe na kile kiturubai cha kufunikia mahindi, anaitupia siti, anarudi ndani kusonga ugali.